Lundo la Miiba la Hukmi

Baada ya mumewe kufa, Hukmi aliishi peke yake miaka kumi na tisa katika nyumba yake ya udongo. Kilichomweka pale ni nafaka ya uwele ya shamba moja. Bhagirath, mdogo wa marehemu, alimwambia tangu matangani kwamba mwaka atakaopungukiwa chakula ahamie uani kwake. Wote tuliona ni maneno ya wema. Hukmi aliyaogopa. Alitaka kuzeeka akipika kwenye jiko lake.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Tangu kiangazi alikuwa amekusanya miiba iliyokauka, akairundika kando ya shamba, ili masuke yakianza kutoka azibe pengo la ua, upande wa njia ya ng'ombe. Siku alipokwenda kuivuta, alikuta ndege, charchara, wamejenga ndani ya lundo.

Charchara ni mdogo kuliko shomoro. Ana rangi ya vumbi, mkia mweusi uliochongoka, na mdomo mnene wa kijivu kama fedha iliyochakaa. Hula mbegu za nyasi, na kiota chake ni tufe la nyasi lenye mlango ubavuni. Jike na dume hulalia mayai kwa zamu mchana, na usiku hulala humo wote wawili. Hukmi alichungulia, akaona mayai sita, meupe.

Sisi Wabishnoi, ambao dini yetu inakataza kudhuru kiumbe, hatuwashi kuni kabla ya kuzikung'uta na kuzipekua, asije akawamo mdudu. Kuburuta lundo lile halikuwa jambo la kufikiriwa. Miiba mingine mikavu haikuwepo karibu, na kukata mti mbichi ni mwiko. Basi akahamishia kitanda chake cha kamba kwenye pengo, akawa yeye ndiye ua.

Bhagirath alipita na ngamia wake, akacheka.

"Shemeji, ng'ombe watakuogopa wewe? Mimi mwenyewe sikuogopi."

"Wewe unaniogopa tangu siku ile niliyokunyima mtindi."

Kisha Bhagirath akaacha mzaha, akasema atalivuta lundo yeye, na dhambi ataibeba yeye. Hukmi alimjibu kwamba dhambi si mzigo wa ngamia, mtu akampakia mwenziwe.

Alinijia mimi, mwalimu wa kijiji, kwa kuwa nilisomea viumbe chuoni, akaniuliza ni siku ngapi. Nilimwambia kumi na mbili za kulalia, ishirini na moja za kulea. Akafunga mafundo thelathini na matatu kwenye upindo wa shela yake, akawa analifungua moja kila asubuhi.

Lilipobaki fundo moja, makinda watano waliruka. Akatuma Bhagirath aitwe, aje kesho yake kulivuta lundo. Lakini jioni, wakati wa kukamua, nilikuwa naye pale tukawaona wakirudi, wazazi na watoto, wakiingia mmoja mmoja kwa mlango ule ule kulala. Sikuwa nimemwambia hilo. Sikulijua, vitabu nilivyosoma vilikomea kwenye kuruka.

"Mwalimu," aliniambia, bila lawama, "ulisoma mpaka wanapoondoka."

Asubuhi Bhagirath alikuja na ngamia na kamba. Hukmi akamwambia arudi, maana ndege bado wanalala mle, ni nyumba yao.

"Na yako je?" aliuliza Bhagirath.

Hukmi akarudi kukaa kitandani, kwenye pengo.

Siku ya nne baada ya hapo alishikwa na homa, akapitiwa na usingizi adhuhuri, na ng'ombe wakaingia. Mimi na Gomti, mke wa Bhagirath, tuliwatoa kwa fimbo, lakini nusu ya shamba ilikuwa imelala chini. Alivuna kilichobaki, suke kwa suke. Chakula hicho hakikufika katikati ya majira ya baridi.

Siku ya kuhama Bhagirath hakutania. Alipakia kitanda, jiwe la kusagia na mfarishi mmoja. Jiko la udongo halihamishwi. Kule uani Gomti alimkataza kazi zote, kwa heshima, akampelekea mkate wa uwele alipokaa. Hukmi akaupokea kwa mikono miwili kama mgeni.

Aliishi pale miaka minne. Sikumsikia akijuta, wala akijisifu. Mara moja tu nilimuuliza kama amezoea.

"Nimezoea kila kitu," alisema. "Isipokuwa kuamka, nikakuta moto umeshawashwa na mtu."