Shikamoo ya Sanamu

Niliamkia sanamu. Nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wenzangu wa chuoni, maana wao wanalisimulia kwa chumvi nyingi.

Siku tano za wiki mimi ni mwanafunzi wa uuguzi huko Changamwe. Jumamosi na Jumapili ni msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Utange. Mtu wa ndani kama mimi, ambaye raha yake ni leso, chai ya rangi na mlango uliofungwa, sijui nani alinidanganya kwamba nitaweza. Lakini wallahi nikaweza. Daftari nilizisoma nikingoja maji ya kuogeshea yapate moto. Majina ya mifupa niliyakariri kwenye migongo ya wazee wenyewe, nikiwapaka mafuta, hata mzee mmoja akawa ananiuliza leo nimefika mfupa gani.

Kilichoninyima usingizi ni mtihani wa vitendo. Atakayeanguka atarudia mafunzo kila Jumamosi, muhula mzima, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kazi. Matroni wa kule Utange alikwisha kuniambia kwa upole kwamba nafasi yangu haitaningoja. Kuanguka kwangu kungekuwa kuanguka mara mbili.

Siku ya mtihani nikapewa kumwogesha mgonjwa kitandani na kumgeuza, kwa dakika ishirini. Nikacheka moyoni, hiyo naifanya nimefumba macho. Mgonjwa mwenyewe ni sanamu la plastiki, bibi kizee, wigi limekaa upande. Nikanawa mikono, nikavuta pazia, nikainama.

"Shikamoo, bibi."

Kisha nikasimama kungoja marahaba.

Msinicheke. Utange kuna bibi mmoja ambaye ukimgusa kabla hajakuitikia, anageukia ukutani, na siku hiyo hakuna atakayemwogesha. Mikono yangu imezoea hivyo, haianzi mpaka marahaba ije. Nikaamkia tena, kwa sauti zaidi, labda bibi hasikii vizuri. Nyuma yangu mtu akakohoa kicheko. Mtahini akatazama saa yake.

"Dada, huyo hatajibu."

Hapo mikono ikafunguka. Nikaosha, nikakausha, nikageuza, shuka likanyooka bila mkunjo. Muda ulipokwisha, mguu mmoja wa bibi ulikuwa bado una povu. Mtahini akaandika, akaandika, mpaka nikaiaga kazi yangu kimoyomoyo. Baadaye akanieleza kwamba alama za mguu nimezipoteza, ila za kuzungumza na mgonjwa kabla ya kumgusa nimezipata zote. Wengi darasani hawakuliambia lile sanamu hata neno. Nilifaulu. Si kwa kishindo, lakini nafasi yangu Utange ilibaki yangu.

Nikarudi nyumbani Magogoni kifua mbele. Jirani yangu, mama mtu mzima anayeuza mahamri mlangoni pake, alikuwa anachambua mbaazi. Nikajikalisha kwenye ngazi yake nikamhadithia yote, na sehemu ya alama nikairudia mara mbili. Hakucheka. Alichambua mbaazi zake mpaka nikamaliza.

"Mwezi mzima wapita hapa mbio, hujaniamkia mimi mwenye roho," akasema. "Leo nako umekuja umekaa, salamu hukutoa. Sanamu la plastiki ndilo lililopata shikamoo yako. Au na mimi mpaka nilazwe?"