Moshi Uliomeza Mwezi Wangu

Macho yangu enzi zile, nikisimama Kizingitini namwona inzi akinawa uso Mtangawanda, ncha ya pili ya kisiwa. Basi jioni ya kutazama mwezi wa Idi, mwaka wa sitini na kitu, niliuona mimi wa kwanza, mwembamba kama ukucha wa mtoto. Nikamshika shemeji yangu kichwa, nikamgeuza: "Ule pale!" Wallahi aliuona. Alisema, "Ahaa!"

Mashahidi wawili, yatosha. Tukashika ndia kwenda kwa imamu.

Hatujafika, mbingu ya magharibi ikawaka. Wingu jekundu, mara la manjano, linajinyonga kama chatu aliyemeza nti nzima na watu wake. Kuku waliingia bandani, wakatoka, wakaingia tena. Mwezi wangu ukapotelea humo humo.

Imamu akatuuliza mmoja mmoja. Nikaapa. Shemeji, macho bado kwenye lile wingu: "Mimi sijui tena nimeona nini."

Nikamrukia, "Si ulisema ahaa?"

"Nilisema ahaa, Bwana. Sikusema mwezi."

Ningemtafuna mbichi! Shahidi mmoja hafungulishi mji. Kesho yake wote wakafunga, na mke wangu, aliyekwisha kupika, akafunga nao. Nikala Idi peke yangu, sufuria zima, kwa hasira, mpaka ukoko. Watoto dirishani: "Mla mchana!"

Jioni mwezi ukatoka juu, mnene. Nikawapigia kelele waliofunga, "Huu ni wa leo huu?"

"Umeulisha pilau wewe!"

Baadaye akaja afisa wa hali ya hewa, mtu wa bara, kuweka kipimo cha mvua. Nikamuuliza lile wingu. Akanieleza bila haya: wataalamu walirusha roketi huko kusini, ikamwaga moshi unaong'aa, waone upepo wa juu kabisa unauvuta wapi. Lazima iwe jioni, chini kumeingia giza na juu bado kuna jua. Na sasa wanaunda vyombo vya kupachika kwenye setilaiti, vipime upepo na joto la huko bila moshi.

"Huko juu kuna mtu atweka tanga?"

"Hakuna, mzee."

"Kuna aanikaye samaki?"

"Hakuna."

"Basi moshi wao wa nini kwenye mwezi wangu?"

Nikamkokota mpaka msikitini, aseme mbele ya watu. Akasema yote, vizuri. Imamu akamsikiliza, kisha akamuuliza, "Na wewe, mwezi uliuona?"

"Mimi nilikuwa Nairobi."

"Basi shahidi ni yule yule mmoja."

Nyuma yangu shemeji akasema, "Ahaa!"

Nilimfukuza mpaka kijiji cha Chundwa.