Rangi Nyekundu kwenye Nyumba za Masisi

Verdiane hakujua kukaa. Hata maziwa aliyanywa amesimama, na kwao watu wa ng'ombe hilo ni aibu. Baba yake Manassé alimtaka aolewe karibu na malisho. Yeye akashuka Goma, akasoma mpaka akawa mwalimu wa chuo kikuu. Kazi yake nyumba za zamani za miji: nani alizijenga, nani aliishi ndani, na kama vita ikitulia, wageni wanaweza kupanda milimani kuziona.

"Wageni waje kuangalia matofali?" dada yake Gisa alimcheka. "Waje kwanza kununua fromaji, jibini ya maziwa yetu!"

Lakini nyumba zilikuwa zinaisha. Hii imechomwa, ile imevunjwa ijengwe duka. Kila habari ilimrusha Verdiane kwenye moto, pikipiki ya kukodi, bila kula. Mwaka huu alipita Masisi na kopo la rangi, akaandika namba nyekundu kwenye kila nyumba ya kulindwa. Asubuhi ilikuwa ya kanisa, wenye nyumba hawakuwapo. Hakungoja. Akakimbilia Walikale kutafuta nyingine.

Aliporudi siku chache baadaye, mzee mmoja, Papa Bayingana, alikuwa juu ya nyumba yake, anang'oa mabati. Ilikuwa nyumba ya mwisho mjini yenye baraza la nguzo za mawe.

"Papa, unafanya nini?"

"Natangulia serikali. Waliandika nyekundu. Nyekundu iko kuvunja, mutoto wa wapi hajui? Wenzangu wameshavunja, angalau wabaki na mabati na milango."

Verdiane akageuka kuangalia mtaa. Nyumba mbili zilikuwa malundo ya matofali.

"Papa, ni mimi niliandika. Hizo njo nyumba za kulinda, si za kuvunja."

Nyundo ilisimama hewani.

"Wewe? Binti ya Manassé? Na haukuambia muntu?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka. Mke wangu, Mama Hélène, alikufia mu chumba hii. Leo asubuhi nilimuaga mara ya pili."

Wingu lilikuwa limeshika kilima. Verdiane akavua viatu, akapanda ngazi, akashika bati. Mzee akapiga misumari. Walifunika chumba cha Hélène; mvua ikawakuta baraza bado liko wazi.

Verdiane aliangalia barabara, akaangalia misumari iliyobaki.

"Enda," mzee alisema. "Kule juu kwa jirani Kampire, uliandika nako, wanaanza kuvunja leo."

Akashuka. Mwenye moto aliyemleta alimwita apande, lakini alikuwa ameshaanza kukimbia, miguu mitupu kwenye tope.