Asubuhi ya Fundi

Fundi cherehani wa Majengo alikuwa na jibu moja, nalo alilitoa uzi ukiwa mdomoni: "Njoo asubuhi." Asubuhi yake ilianza majogoo na kuishia pale mtu alipochoka kuuliza. Kila siku Adela, aliyempa kazi ya kushona gauni lake la harusi, alirudi kwao Mollo mikono mitupu.

"Fundi, Jumamosi naolewa! Nivae kaniki kanisani?"

"Asubuhi, mwanangu. Haraka ya nini?"

Jumamosi ikafika. Shangazi zake wakamvika gauni lisilo na pindo, wakamchukua fundi mzobemzobe hadi kanisani. Akapiga magoti mlangoni, akashona jua likiwa utosini, padre anakohoa, bwana harusi anatota jasho. Alipokata uzi kwa meno, akamtazama Adela kwa majivuno.

"Haya, si nilikuambia asubuhi?"