Doa la Wino na Zamu ya Kisima

Nakumbuka siku moja kule Kulamawe, mwanangu, ambayo kila ikinijia huangalia kwanza kiganja changu cha kushoto. Jana nilikuona hapa Bulla Pesa ukichana ukurasa wa daftari upesi, kabla mama yako hajaona wino ulivyotapakaa. Nilipita tu. Leo nasema, kwa sababu mkono huo wa kushoto umeurithi kwangu, na sitaki urithi na upumbavu wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka shule na kalamu ya wino, ile ya kujazwa kutoka chupa, nimeichomeka mfukoni ili kila mtu aione. Ulikuwa mwaka wa ukame. Kisima chenye maji kilibaki kimoja tu, na wazee wakakaa kugawana siku, kila boma na zamu yake. Mzee Guyo hakuweza kuja, alikuwa mbali na mifugo. Desturi ilikuwa kumtuma mtu akamwambie kwa mdomo. Mimi na ujuaji wangu nikasema, "Mniachie, nitamwandikia."

Kwetu, wajua, mkono wa kushoto haumpi mtu chakula wala haupokei. Baba yangu alinichapa miaka mingi ili niuache, na siku hiyo alikuwa pale pale. Basi nikawapa wazee mgongo, nikaandika mbio. Kilichofuata unakijua: mkono wetu huja nyuma ya kalamu na kulala juu ya neno ambalo halijakauka. Nilipouinua, jina la Guyo kule juu lilisomeka, lakini siku yake ilikuwa doa la buluu.

Wazee walikuwa bado wanakunywa chai, hatua kumi kutoka nilipokaa. Ilikuwa ni kuuliza tu, "Guyo ni lini?" Lakini wangeiona karatasi, kisha wangeutazama mkono. Nikachukua karatasi nyingine nikaandika siku niliyodhani, Jumatano, ikapelekwa kwa Guyo. Haraka haraka haina baraka, na haya isiyo na maana ina hasara zaidi.

Jumanne ikafika, na wazee wakaanza kuuliza mbona Guyo haonekani. Hapo nikajua siku yake ilikuwa hiyo. Na bado nikanyamaza mchana kutwa!

Jumatano asubuhi vumbi likaja kutoka pande mbili. Huku Halkano na ng'ombe wake, siku yake ya halali. Huku Guyo na wake, mbavu nje.

"Halkano, toa ng'ombe. Leo ni zamu yangu."

"Zamu gani? Mimi nilikaa kwa mkutano. Wewe hukukuwa!"

"Karatasi ndio hii. Ng'ombe zangu zimekaa siku nne bila maji. Sirudi."

Vijana wao wakashika fimbo, mmoja mkuki. Ng'ombe walikuwa wameshanusa maji na wanasukumana. Mzee Jillo, aba herega, yaani msimamizi wa zamu za kisima, akasimama katikati na mikono mitupu.  Niliogopa siku hiyo, mwanangu, kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Fimbo ya kwanza ilipoinuka, nami nikainua mkono wa kushoto, buluu bado imeganda pembeni mwa kiganja.

"Ni mimi! Wino uliharibika, nikakisia siku."

Mzee Jillo alinigeukia. "Huo mkono ulipewa na Mungu," akasema, "na hakuna siku nimekuuliza habari yake. Huu uongo ulipewa na nani?"

 Akaamua hapo hapo: Halkano anyweshe leo, ndama wa Guyo wapewe kidogo, na Guyo anyweshe kesho, Alhamisi. Alhamisi ilikuwa siku ya baba yangu. Ng'ombe wetu wangojee hadi mzunguko mwingine.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyonilea. Hakuifikia zamu iliyofuata. Baba hakunigombeza. Alinipa kisu nimchune ngozi, nami nikakipokea kwa mkono wa kulia, kama alivyonifundisha kwa kiboko. Akaniangalia nikihangaika.

"Tumia ule unaoweza," akasema, akaondoka. Nililia juu ya ile ngozi mpaka kisu kikaniteleza.

Sasa nisikilize. Daftari lilaze upande, kiganja kikae chini ya mstari, wino uungoje ukauke. Hayo ni ya mkono tu, utayazoea kwa siku mbili. La maana ni hili: ukichafua, sema wakati wazee bado wanakunywa chai. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wangu mama yangu ndiye aliyeulipia.

Basi lete lile daftari, tukamwonyeshe mama yako pamoja. Mwenyezi Mungu auongoze mkono wako huo huo, na siku utakapochafuka, asikunyime ulimi wa kusema. Amin.