Barua ya Mjomba Kwenye Seva

Mjomba wangu hakujua kuandika kwenye kompyuta, na mimi sikujua kunyamaza. Balaa yote ilianzia hapo.

Wakati huo nilikuwa natunza kompyuta za kampuni moja hapa Kolwezi, kampuni ya kusafirisha asidi kwenda migodini. Mjomba, kaka yake mama yangu, alikuwa mkaguzi wa matangi katika uwanja wetu wa malori. Gari halikutakiwa kwenda migodini Fungurume mpaka yeye aangalie valvu na kutia sahihi. Kisha magari yakaanza kuondoka bila sahihi yake, mengine yakiwa na sahihi ambayo hakuitia yeye. Aliona valvu zilizoliwa na asidi zikiwa zimefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi. Akaamua kumwandikia mkurugenzi.

Alikuja kwangu na karatasi aliyoikunja mara nne. Alitaka kumpa padri wa parokia yake, padri naye amkabidhi mkurugenzi mkononi. Nilimcheka.

“Mujomba, karatasi iko na macho mingi,” nilimwambia. “Secrétaire atasoma, chauffeur atasoma, sentinelle wa mulangoni naye atasoma. Tutume kwa mail. Ile serveur, ni mi njo naichunga. Hata mutu moja hataona.”

“Kweli, mama?”

Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikamwapia kweli, nikaichapa barua huku yeye akinisomea taratibu. Mwishoni alitaka niweke jina lake kamili na namba ya nyumba yake kule mtaa wa Kapata. Nilimwambia si lazima. Akasema barua isiyo na anwani ni barua ya mwoga. Yeye ni mtu wa ile kampuni ya zamani ya migodi, na nyumba ile alipewa na kampuni ile akiwa bado kijana. Nikaweka namba.

Mwezi haukuisha. Jumanne moja tukapata onyo kutoka kwa watengenezaji wa programu ya seva yetu ya barua pepe. Kulikuwa na tundu. Mtu aliye mbali, asiyejua nywila ya yeyote, angeweza kuingia na kusoma anachotaka. Kiraka cha kuliziba kilikuwa tayari, ila kukiweka kulihitaji seva izimwe nusu siku. Nilikimbia kwa mkuu wa ofisi na lile onyo mkononi. Alilitazama kama anavyotazama karatasi zote zinazomtaka afanye kitu.

“Patron iko ku safari, anangojea ma-mail,” alisema. “Ngojea samedi. Samedi hakuna mutu anaandika.”

Methali ya ufa na ukuta tulifundishwa sote shuleni, yeye pia. Lakini mkubwa akishasema, unasema “ndiyo, tata” na unarudi mezani kwako. Nilirudi, kuingojea Jumamosi.

Ijumaa mama mzazi wa mwenzetu mmoja wa ofisini alifariki. Kwetu kilio si kitu cha kuchagua. Usipofika kwenye kilio cha mwenzako, siku ya chako utakaa na viti vitupu. Jumamosi ofisi nzima ilihamia Kapata, na mimi nilipangiwa sufuria la bukari, ugali wetu wa huku. Nilijiambia kiraka kitangoja Jumatatu, siku mbili si kitu. Nikafunga chumba cha seva kwa kufuli, nikatia ufunguo kwenye mkoba wangu, kama vile ufunguo ulikuwa na maana yoyote.

Wanaume walikaa chini ya turubai, wanawake tukawa nyuma ya nyumba penye moshi. Baada ya chakula cha kwanza mjomba alikuja mpaka kwenye sufuria langu. Hakuwa mtu wa kuzunguka jikoni, kwa hiyo nilijua kinachomleta.

“Mama, ile barua yetu?”

“Ilifika.”

“Na hakuna mwingine aliisoma?”

Nilifuta mkono kwenye kitenge, nikafungua mkoba, nikamwonyesha ufunguo.

“Kifungulo njo hii, mujomba. Ulale tu.”

Alicheka, akaomba bukari kidogo zaidi, akarudi kwa wenzake. Ilikuwa kama saa tisa alasiri. Saa hiyo nimekuja kuikumbuka kuliko saa nyingine yoyote ya maisha yangu.

Jumatatu niliweka kiraka. Mkuu alilalamika mpaka saa sita, kisha seva ikawaka vizuri, nami nikatangaza kwamba tumefunga. Nilijisikia fundi kwelikweli. Siku hiyo nilinunua soda ya kujipongeza.

Wiki tatu baadaye barua ya mjomba ilitokea kwenye simu za madereva. Ilikuwa nzima, kama nilivyoichapa, na jina lake na namba ya nyumba chini. Aliyeituma kwenye kundi lao alitumia namba ambayo hakuna aliyeijua. Chini ya picha ya barua hiyo aliandika: “Huyu njo anataka bakamate magari yenu, batoto yenu balale njaa.” Madereva hulipwa kwa safari. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Nilijifungia kwenye chumba cha seva nikapekua kwa siku kadhaa. Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kwenye folda ambayo mimi mwenyewe niliipita Jumatatu ile bila kuitazama. Kilikuwa faili dogo la mistari michache, lenye jina linalofanana na majirani zake. Halikuwa langu. Tarehe yake ilikuwa Jumamosi ya kilio, saa tisa na dakika kumi alasiri.

Kiraka huziba tundu. Hakimtoi aliyekwisha kuingia. Nilikuwa nimefunga mlango vizuri sana huku mwizi yuko uvunguni. Kwa wiki tatu aliingia na kutoka kwa mlango wake mwenyewe, akayapita masanduku yetu yote, akafungua moja tu, lile la mkurugenzi la malalamiko. Alikuwa nani? Mgeni aliye mbali, au mtu aliyelipwa na mmoja wetu anayekula nasi mchana? Mpaka leo sijui. Bado nawatazama watu mikono wanapoandika kwenye simu.

Mkuu alisikiliza bila kuketi. “Futa ile fichier,” alisema. “Na usiambie mutu.”

Nililifuta lile faili. Agizo la pili sikulitii, nikaenda Kapata mchana huohuo. Mbele ya nyumba ya mjomba pikipiki ilikuwa imesimama, injini inanguruma, na watu wawili juu yake wameangalia mlango wake. Waliponiona naingia waliondoka polepole. Mjomba alikuwa sebuleni, mapazia yamefungwa. Alisema hiyo ilikuwa siku ya nne wanakuja.

“Mujomba, mi nilikuambia hata mutu moja hataona. Baliona.”

“Ulinidanganya, ao ulikosa?”

“Nilikosa. Kulikuwa tundu. Nilijua, na sikufunga mapema.”

“Juu ya nini?”

“Kulikuwa kilio.”

Mjomba hangeweza kukilaumu kilio. Alikuwepo, na alikula bukari yangu mara mbili. Niliona aibu mpaka nikashindwa kuinua uso, na hata kulia nilishindwa.

Alhamisi aliondoka kwenda Sandoa, kwa dada yake mwingine, na begi moja na redio. Nyumba aliyoishi tangu ujana aliiachia jirani yake, mama mmoja wa kwaya ya parokia, amwangalizie. Tulimsindikiza sote wawili mpaka gari linapopakia. Malori ya asidi yalikuwa yanapita barabarani, moja baada ya jingine, naye akawa anayatazama valvu zake kwa mazoea, akitikisa kichwa.

Dereva alipopiga honi, mjomba aliingiza mkono kifuani akatoa bahasha. Juu yake palikuwa pameandikwa mkaguzi wa serikali, nami nilijua bila kuuliza: ilikuwa barua ileile, safari hii ameiandika mwenyewe kwa kalamu, jina na namba ya nyumba chini. Nilisogea.

“Mama, upelekee padri,” alisema.

Alikuwa anamwambia jirani. Yule mama aliipokea, akaitia ndani ya Biblia yake. Mimi mkono wangu ulikuwa umeshanyooka.