Miaka Sita ya Kuwa Mteule

Nilikuwa mteule kwa miaka sita. Ndivyo tulivyojiita, sisi watu kama arobaini tuliosali kwenye chumba cha mabati huko Namakwekwe, Mbale. Mchungaji wetu alifundisha kwamba Mungu alitutenga na mji ule kama alivyowatenga Waisraeli na mataifa. Kwa hiyo hatukula chakula cha walio nje, wala hatukukaa kwenye matanga yao.

Nilipenda, sitadanganya. Mimi ni binti wa askari wa magereza. Tulihamishwa kambi hadi kambi, na kila tulikofika tuliitwa watu wa kuja. Hapo kanisani, kwa mara ya kwanza, wa kuja walikuwa wengine.

Mlango wangu ulitazamana na wa mama mmoja Mwislamu, muuza vitambaa sokoni. Nilipougua malaria aliniletea bakuli la malewa, machipukizi ya mianzi yaliyoungwa kwa karanga. Nilikuwa sijala siku mbili.

"Asante mama, lakini sisi hatuli."

"Hamli malewa?"

"Hatuli vya watu wa nje."

Akarudi na bakuli lake. Laiti angekasirika.

Mwaka wa sita mama yangu aliugua huko Wanyange, upande wa Jinja, alikokuwa akianika samaki wa mukene tangu baba astaafu. Kaka yangu aliponipigia simu nilimwambia tuko kwenye mfungo, nitakuja ukiisha. Wiki mbili baadaye akapiga tena asubuhi. Mama amefariki, maziko kesho saa nane.

Nilikwenda kuomba ruhusa nikiwa na mkoba mkononi.

"Wazee wa ukoo watafanya mila zao pale?" mchungaji aliuliza.

"Watafanya."

"Basi ukienda, umejirudisha kwao. Chagua."

Jinja si mbali. Ningepanda teksi mchana ule ningefika kabla ya jua kuzama. Badala yake nilirudi chumbani, nikatoa nguo mkobani, nikazikunja upya moja moja.

Kesho yake saa nane nilikuwa nimekaa sakafuni. Jirani alikuwa amepata habari, sijui kwa nani, akabisha hodi.

"Mwanangu, pole. Nifungulie nikae na wewe tu. Sikuleta chakula."

Nilimjibu nikiwa ndani kwamba niko sawa. Alisimama pale kitambo, kisha nikasikia ndala zake zikirudi upande wa pili.

Miezi minne ikapita, akafariki baba yake mchungaji. Mzee yule hakuwahi kusali nasi hata siku moja. Alikuwa mtu wa pombe na mila zake. Kanisa likakodi teksi tatu za abiria kumi na wanne, tukaenda wote. Wazee wa ukoo walifanya yao, ng'ombe akachinjwa, tukapakuliwa matoke na nyama, na mchungaji akala mpaka akalegeza mshipi. Nilimfuata alipokuwa akinawa.

"Mchungaji, mama yangu alikuwa na kosa gani?"

"Dada, usilinganishe. Huyu ni baba wa mtumishi wa Mungu."

Waliosimama karibu wakaitikia amina.

Sikurudi kwao tena. Wiki ile ile nilikwenda Wanyange. Kaka alinipokea kwa adabu nyingi, akanifutia kiti, akaniletea chai kwenye kikombe cha wageni, kama afande aliyekuja kukagua. Kaburi alinionyesha kwa kidole, bila kuinuka.

"Alikuulizia mpaka siku ya mwisho," alisema. "Tulikuwa tunamwambia uko njiani."

Bado nimepanga chumba kile kile Namakwekwe. Jirani alihamia kwa binti yake kabla sijapata ujasiri wa kumwomba radhi. Wateule wakipita kwenda ibadani hawanisalimu. Chuki hawana, nawajua. Wananihurumia, na hilo ndilo nisiloweza kuwasamehe.